Uso wa Agapito

Kaburi la Candida lilikuwa na vishimo viwili vya picha, na kimoja kilikuwa kitupu. Hicho kitupu ndicho kilichowapa watu wa Colle Ginepro, kijiji chetu cha mlimani, la kusema tangu baridi ilipoanza kulegea mpaka zabibu zikaiva. Kwetu mtu akizikwa, jiwe lake hutiwa picha ya kauri, ndogo, yenye umbo la yai, ili anayepita na maua ajue anamwombea nani. Kaburi lisilo na picha ni la mpita njia, au la mtu ambaye ukoo wake hautaki kumkumbuka. Sasa Candida, alipoona safari imekaribia, alimwita fundi wa marumaru mpaka kitandani pake akamwagiza achonge vishimo viwili, kimoja chake na kimoja cha mumewe Agapito, vikae bega kwa bega. Fundi akachonga. Picha ya Candida ilipatikana, ile aliyopigwa siku ya harusi ya binti yake. Picha ya Agapito haikupatikana kwa sababu haikuwahi kuwepo, na hilo Candida alilijua kuliko mtu yeyote.

Mzigo ukamwangukia binti, Loreta. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kufuta jiwe, na kila Jumapili aliwakuta akina mama wawili watatu wakichungulia kile kishimo kama wanaochungulia chungu cha jirani. Hawakusema kitu. Usidhani ni heshima. Siku ya Marehemu, mwezi wa kumi na moja, kijiji kizima hupanda makaburini na mishumaa, na Loreta alijua kwamba kishimo kikifika siku hiyo kikiwa kitupu, yatakayosemwa hayatafutika tena: kwamba mama yake amekufa akimngoja mwanamume ambaye hata sura hakumwachia.

Agapito alikufa Loreta akiwa bado anatambaa. Alifia Brussels, kwa mapafu, akazikwa huko na watu wasiomjua, na baada ya miaka kaburi lake likapewa mtu mwingine kama ilivyo ada ya miji yenye watu wengi. Alikwenda huko kusimama. Neno hili kwetu kila mtoto analijua: babu zetu hawakuwa na shamba la maana, mawe na mbuzi tu, lakini Mungu aliwapa miili, na wachongaji wa miji mikubwa wakaja kuijua. Mtu alishuka mlimani zabibu zikishavunwa, akapanda treni, akakaa majira yote ya baridi katika chumba cha mchongaji amesimama bila kutikisika, na ngano ikikaribia kuiva akarudi. Ndiyo maana ukiingia nyumba yoyote Colle Ginepro, kabla hujapewa kiti utakuwa umeshaambiwa kwamba Mtakatifu Yosefu wa kanisa fulani la Roma ni babu yao, na malaika anayelia makaburini Genova ni shangazi. Watu wengine wana mashamba, sisi tuna nyuso.

Candida naye alikuwa na za kwake. Jioni, akimlaza Loreta, alimsimulia: baba yako yuko Torino, ni askari karibu na daraja. Yuko Lyon, ni mzee wa mto, ana ndevu na mtungi. Yuko Brussels, ni mhunzi, amekaa. Huku akisimulia aliushika mkono wa kushoto wa mtoto na kukisugua kile kidole kidogo, kilichopinda kuelekea ndani kama mundu, ambacho watoto wenzake walikuwa wakikitania shuleni. Loreta aliamini mama anajaribu kukinyoosha. Hakikunyooka, na mama hakuacha kukisugua hata Loreta alipokuwa na watoto wake mwenyewe.

Basi Loreta akakata shauri. Atakwenda mwenyewe, aupige picha uso wa baba yake pale ulipo, fundi wa kauri wa Roma auweke kwenye yai lake, na kishimo kizibwe. Mumewe Quirino alikuwa fundi wa reli, kwa hiyo treni kwao ni kama mlango wa uani. Kamera ikaazimwa kwa binamu anayepiga picha za harusi. Quirino aliweka sharti moja tu, kwamba asiende peke yake. Na hapo ndipo alipojitokeza Mamkubwa Ersilia, dada yake Candida, na kapu la jibini na mayai ya kuchemsha, kabla hata hajaalikwa.

Ersilia alikuwa na ulimi, jamani. Hakumpenda Agapito alipokuwa hai, na kifo hakikumbadilisha mawazo. Kisa chake kilikuwa glavu. Mwanamume huyo, alisema, alikuja kuvuna ngano amevaa glavu za ngozi, katika joto la mwezi wa sita, wanaume wenzake wakicheka mpaka wanakaa chini. Jembe hakushika, kuni hakupasua, jiwe hakubeba. Na jioni, wakati yeye Ersilia ana mimba imemfika kooni na viganja vimepasuka vinatoka damu, Candida alimkalisha mumewe kizingitini, akamvua zile glavu na kumpaka mikono mafuta ya zeituni, yale yale machache ya kulia mboga, taratibu, kidole kwa kidole, kama anayemkanda mtoto mchanga. Kijiji kizima kinakijua kisa hiki kwa moyo. Ersilia aliamini kwamba Agapito hakuwahi kusimama popote ila mlangoni pa baa, na kwamba sanamu zote tatu zilikuwa kamba tupu alizomfunga mdogo wake. Wala hakuficha kwa nini anakwenda. Anataka kuwepo, alisema, siku Loreta atakapoona kwa macho yake mwenyewe.

Walifika Torino mvua inanyesha, na hawakulowa, maana mji ule umejengewa baraza zenye paa pande zote za barabara, tao baada ya tao, mtu anaweza kutembea kutwa asionje tone. Ersilia alilisifu hilo shingo upande. Baraza zilipoishia ndipo walipoliona daraja, na kando yake kundi la askari wa shaba. Mmoja alikuwa mbele ya wenzake, amempakata begani rafiki aliyejeruhiwa. Loreta alikwenda mpaka chini yake, maji yakimchuruzika sasa, akainua macho. Pua nyembamba, mashavu yaliyobonyea, kidevu chenye kidimbwi katikati. Alikuwa mzuri, mzuri kuliko alivyothubutu kumwazia. Loreta akalia, akamwamkia kama mtoto anavyomwamkia baba yake.

"Huyu si Agapito," Ersilia alisema nyuma yake.

"Nilijua utasema hivyo."

"Sisemi kwa ubaya, mwanangu. Agapito alikuwa na uso kama mlango wa zizi. Na masikio, hata ungemficha nyuma ya mti ungeyaona."

"Wachongaji hupendezesha watu, Mamkubwa."

"Kupendezesha ni kupunguza masikio. Huyu wamempa kichwa kingine kabisa."

Loreta alijua chuki inavyompofusha mtu, na chuki ya mama yake mkubwa ilikuwa ya miaka zaidi ya thelathini. Alifuta kioo cha kamera kwa pindo la gauni, akampiga askari picha ya uso, wa mbele na wa upande, na moyoni akaona kazi yake imekwisha. Angeweza kurudi nyumbani jioni ile ile. Lakini baba alikuwa na sura nyingine mbili mbele ya safari, na mtu aliyekua bila baba hawezi kuambiwa kwamba moja inatosha.

Ndani ya treni ya kuvuka milima alikuwa mchangamfu, akamenya mayai, akamsimulia Ersilia jinsi Quirino atakavyofurahi. Ersilia alitazama dirishani.

Lyon ilikuwa na jua. Waliuliza chemchemi ya mzee wa mto kwa kuonyesha ndevu na mtungi kwa mikono, na wapita njia wakacheka na kuwaelekeza, mpaka wakatokea kwenye uwanja uliozungukwa na nyumba ndefu za mawe zenye madirisha mengi yanayofanana. Mzee alikuwa katikati, amejilaza kiubavu juu ya mwamba, mkono mmoja umekumbatia mtungi unaomwaga maji. Jiwe lilikuwa jeupe na safi. Uso ulionekana vizuri mno, na hilo ndilo lililokuwa baya. Pua pana iliyobonyea, midomo minene, paji la uso fupi. Loreta aliuzunguka ukingo wa chemchemi, akamtazama kutoka kushoto, akamtazama kutoka kulia. Hata ungemnyoa ndevu zote mzee huyu, hata ungemkondesha kwa njaa mwaka mzima, asingekuwa yule askari wa Torino. Hawakuwa hata ndugu.

Alikaa ukingoni. Ersilia alikaa kando yake. Ilikuwa ndiyo saa aliyoifuata kutoka mlimani, maneno ameyaweka tayari mdomoni miaka na miaka, na sasa alipotakiwa kuyasema aliona hayana ladha. Alikata kipande cha jibini akampa mpwa wake, kama alivyokuwa akifanya Loreta alipokuwa mdogo akijikwaa.

"Mmoja wao anaweza kuwa yeye," Loreta alisema.

"Hakuna hata mmoja, mwanangu. Mimi nilimwona kila siku ya mavuno."

"Basi alimdanganya mama."

Ersilia angeweza kusema ndiyo. Aliguna tu. Halafu akasema jambo ambalo halikuwa katika mipango yake hata kidogo: kwamba yule askari wa Torino ni mzuri, picha imeshapigwa, na watu waliomjua Agapito wamebaki wazee wachache wenye mtoto wa jicho. Watie huyo kwenye yai. Yeye mwenyewe, Ersilia, atasimama makaburini mbele ya watu na kuapa kwamba ndiye. Na nani atambishia yeye, aliyemsema vibaya Agapito maisha yake yote? Wataamini kwa sababu ni yeye anayesema.

Loreta alilifikiria hilo, tena sana. Ilikuwa rahisi, na aliyeshauri alikuwa anampenda. Alimwona yule askari akiwa pembeni ya mama yake, pua nyembamba, kidevu cha kidimbwi, na wanawake wa Jumapili wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akamwona mama yake.

"Mama alale milele na mwanamume asiyemjua?" alisema. "Hapana, Mamkubwa. Bora alale peke yake."

Walikwenda Brussels kwa sababu tiketi zilikuwa za Brussels. Paris walibadilisha treni, na Ersilia, aliyekuwa akisema tangu ujana wake kwamba angependa kuiona Paris, alikaa juu ya kapu lake kituoni akiitazama saa. Loreta hakuwa na hamu ya kitu. Alijiuliza mama yake alijua au hakujua, na akaona kwamba majibu yote mawili yanauma.

Brussels nyumba za uwanja mkubwa zimepakwa dhahabu mpaka kwenye paa, zimejaa watakatifu, farasi, meli na maua ya mawe, hakuna pa kuweka hata kidole. Ersilia alisema watu hawa wamezivalisha nyumba zao kuliko wanavyojivalisha wenyewe. Alitaka mpwa wake acheke, na mpwa wake hakucheka. Wakauliza mhunzi, wakapelekwa nyuma ya kanisa moja, kwenye uwanja mdogo wenye miti miwili na kibanda cha chipsi. Hapo alikuwa amekaa juu ya fuawe lake, wa shaba, mkubwa kidogo kuliko mtu, nyundo ameilaza, mkono wa kulia juu ya mpini wake na wa kushoto umefunguka juu ya goti. Alikuwa na masharubu mazito na kidevu cha mafuta, shingo imefurika juu ya kola. Loreta hakutoa hata kamera mfukoni.

Walianza kuzozana. Si kwa ukali, ni kwa uchovu tu. Ersilia alitaka wale kwanza, Loreta alitaka kituo cha treni. Mwanamke wa kibanda alipoisikia lugha yao akatoka na aproni yake, akajitambulisha. Anaitwa Nunziata, kwao ni Abruzzo, nchi moja nao, mumewe alikuja kuchimba makaa ya mawe na sasa wanauza chipsi. Akawakabidhi chipsi kwenye karatasi, akakataa kulipwa, akauliza wamefuata nini huku. Loreta akaonyesha sanamu kwa kidevu, akasema aliambiwa kwamba yule ni baba yake.

Nunziata alitaka kucheka, akamwona usoni, akaacha. Akaeleza kwa upole kwamba huyo ni mzee wa kiwanda cha bia, kila mtu wa mtaa huu anamjua. Alianza maisha akiwa mhunzi, akitengeneza pete za mapipa, akafa tajiri, na wanawe wakamjengea sanamu. Picha yake ya rangi inaning'inia baa, mlango wa pili pale. Loreta akaenda kuiona. Masharubu yale yale, kidevu kile kile, shingo ile ile. Alirudi, akakaa juu ya msingi wa sanamu miguuni pa mhunzi, akainamisha kichwa. Sasa alikuwa amemkosa baba yake kabisa, na alisema hivyo kwa sauti, bila kumwambia mtu: mama yangu alimngoja mwongo.

Alilia kama wanavyolia watu wazima mahali pa watu, bila sauti, mabega tu. Ersilia alisimama mbele yake na karatasi ya chipsi mkononi, hajui aiweke wapi. Nunziata, kwa kuwa kimya kilimshinda, aliendelea kuzungumza, akisema mambo ya mtaa. Kwamba watoto wakienda kwenye mtihani hupita kumshika mhunzi mkono. Kwamba wagonjwa wakienda hospitali humshika. Kwamba yeye mwenyewe, mgodi ulipoporomoka na mumewe akiwa chini, alikaa hapo amemshika mpaka mume alipotolewa. Hata hajui kwa nini, alisema. Labda kwa sababu mkono umekaa kama unaokungoja.

Loreta alitaka kuinuka. Alinyoosha mkono wake wa kushoto kutafuta pa kushikia, ukaangukia juu ya ule wa shaba, kwenye goti. Mwili wote wa mhunzi ulikuwa umefifia, mweusi wenye ukijani wa mvua, lakini mkono huo uling'aa kwa kushikwashikwa. Haukuwa mkono wa mtu mnene. Ulikuwa mrefu, wenye mifupa mizuri, na mishipa iliyochongwa kwa subira. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea ndani kama mundu.

Aliutazama. Akaulaza mkono wake sambamba nao, shaba na nyama, vidole kwa vidole. Vidole vinne vilinyooka pamoja, na cha tano, pande zote mbili, kikajikunja kwa ndani mahali pale pale.

"Mamkubwa," alisema. "Njoo uone."

Ersilia alikuja. Alitazama mkono mmoja, akatazama wa pili, akarudia wa kwanza. Akamgeukia Nunziata na kumuuliza, kama mtu anayemhoji shahidi, huyu mzee wa bia alikufa lini, kabla ya sanamu au baada. Kabla, alisema Nunziata, miaka mingi kabla. Uso waliutoa kwenye ile picha ya baa. Na mikono je? Nunziata akainua mabega. Aliyekufa hawezi kusimama, alisema, mikono lazima walikodi ya mtu.

"Walikodi mikono," Ersilia alisema.

Akakaa. Chipsi zikamwagika juu ya mawe na njiwa wakaja. Loreta alimwambia hajawahi kusikia hata siku moja kwamba baba yake alikuwa na kidole kama chake. Ilikuwaje Mamkubwa asimwambie?

"Sikukijua," Ersilia alisema. "Sikuwahi kuiona mikono yake, na nani angeiona? Kutwa ilikuwa ndani ya glavu. Na ikitoka kwenye glavu imo mikononi mwa mama yako." Kisha akasema tena, taratibu, kwa sauti ambayo Loreta hakuwahi kuisikia kwake: "Mimi nilidhani anadeka. Mtoto wa watu alikuwa anachunga kazi yake."

Hakuna mtu wa Colle Ginepro ambaye angewaza hivyo, mimi nikiwemo. Kwetu mtu akisema nimesimama Torino, tunauliza uso, maana huo ndio tunaojivunia, na Agapito mwenye uso wa mlango wa zizi atawaambiaje watu kwamba walichomtakia ni vidole? Angechekwa kuliko alivyochekwa kwa glavu. Alimwambia mkewe peke yake. Na mkewe aliitunza ile mikono kwa mafuta ya mboga, akasemwa na dada yake kwa ajili yake maisha yote, na hakujitetea. Loreta alikumbuka vidole vya mama yake vikisugua kidole chake gizani, jioni baada ya jioni, hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Mama hakuwa ananyoosha kitu. Alikuwa amemshika mumewe mkono.

Loreta akaubusu ule mkono wa shaba. Ulikuwa na joto la jua na la watu. Ndipo akatoa kamera, na alipiga picha mpaka filamu ikakwisha, kisha akamwomba Nunziata auangalie mkono ule, na Nunziata akasema angefanya nini kingine, ameushika miaka yote hiyo bila kujua ni wa nani.

Wakati wa kurudi walishuka tena Lyon. Safari hii hawakumtazama mzee wa mto usoni. Loreta alivua viatu, akaingia kwenye maji mbele za watu, akainama kwenye mtungi. Kidole kilikuwepo, kimeukumbatia mtungi kwa pembeni. Torino mvua ilikuwa bado inanyesha, na aliyepanda juu ya msingi wa askari alikuwa Ersilia, na umri wake huo, mpwa akimshikilia sketi. Mkono wa kushoto wa yule askari ulikuwa umetandazwa mgongoni mwa rafiki aliyejeruhiwa, unamzuia asianguke. Ersilia aliugusa, akakaa juu hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliposhuka alisema tu kwamba masikio sasa anamsamehe.

Kijijini palikuwa na maneno, kama kawaida yetu. Padri Ottavio, aliyeoneshwa yai la kauri lenye mkono badala ya uso, alisema hajawahi kuona kitu kama hicho na kwamba picha ya kaburi ni ya uso, ndivyo ilivyo desturi, vinginevyo kesho mtu ataleta goti. Loreta alianza kueleza, akatafuta maneno. Ersilia hakuhitaji kuyatafuta.

"Padri, chini ya altare yako kuna nini?"

Padri akasema, kwa heshima, kuna masalia ya mtakatifu wa parokia.

"Masalia gani?"

"Mfupa wa kidole."

"Na tunapiga magoti mbele yake tangu tuzaliwe," Ersilia alisema. "Mbona hujatuuliza uso wake uko wapi?"

Yai likawekwa. Fundi wa marumaru alilipachika kwa saruji yake, akalipangusa, na ikawa kama kwamba lilipimiwa hivyo tangu mwanzo: upande wa kushoto Candida katika gauni la harusi ya bintiye, amegeuza uso kidogo, na upande wa kulia ule mkono uliofunguka, umeelekea shavu lake, na kile kidole kimejikunja kama kinachomwita.

Siku ya Marehemu ilikuja na baridi kali. Kijiji kilipanda na mishumaa, na wanawake wa Jumapili walifika kwenye kaburi la Candida kabla ya makaburi yao wenyewe, wakatazama. Loreta alisimama kando, mikono yote miwili ameiacha wazi, bila kuficha kitu. Mmoja wao alikitazama kidole kwenye kauri, akakitazama cha Loreta, akafanya ishara ya msalaba na kuinamisha kichwa. Baada yake wengine nao wakafanya hivyo, mmoja mmoja.

Ersilia alikuja wa mwisho, anatweta kwa mlima. Hakuleta maua. Alipiga magoti kwa shida, akatoa mfukoni kichupa kidogo, akajidondoshea kidole gumba mafuta ya zeituni. Kisha akaupaka ule mkono wa kauri, taratibu, kidole kwa kidole, akakawia kwenye kile kidogo.

"Baridi hii," alimwambia dada yake, "itampasua."